Kwa nini dawa ya sukari hutibu moyo wa mtu asiye na sukari?

#1 Binti_Langoni
Assalam alaikum wadau. Shangazi yangu ana moyo uliotanuka. Sukari hana, kila akipimwa iko sawa. Kliniki wamemuongeza dapagliflozini miligramu 10 kwa siku juu ya dawa zake za presha. Duka la dawa wakatuuliza kama tuna hakika, maana wao hiyo wanaijua ni ya kisukari. Daktari alitueleza kwa haraka kwamba moyo wake hautumii nishati vizuri, na kwamba kuna vimeng'enya vinavyouamrisha moyo uchome nini. Biolojia nilifika nayo kidato cha nne, nataka kuelewa. Vimeng'enya gani hivyo? Nani anavipa amri? Na dawa inayofanya kazi kwenye figo inafikaje moyoni?

#2 Mfamasia_Malindi
Waalaikum salaam. Shangazi hakupewa dawa ya mtu mwingine. Jaribio la DAPA-HF lililotoka 2019 lilikuwa na wagonjwa 4,744 wenye moyo dhaifu, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na kisukari. Kwenye kundi la dapagliflozini, asilimia 16.3 walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa au hali ya moyo ikawazidia. Kwenye kundi la vidonge vitupu ni asilimia 21.2. Nafuu ilikuwa sawa kwa wenye sukari na wasio nayo. Dawa huziba SGLT2, kimeng'enya cha figo kinachorudisha sukari kwenye damu, basi sukari ikatoka na mkojo. Asiye na kisukari haimwangushi, kwa sababu ini linatengeneza nyingine.

#3 Maabara_Mkomani
Takwimu za #2 ni sahihi, lakini SGLT2 si kimeng'enya. Ni protini ya kwenye utando wa seli inayovusha sukari pamoja na sodiamu. Haivunji kitu wala haiungi kitu. Nalisema hili kwa sababu ndilo linalofanya swali la dada liwe gumu: kwenye misuli ya moyo SGLT2 haipatikani kwa kiasi cha maana. Dawa inaziba mlango ulioko kwenye figo, na moyo ndio unaopata nafuu. Kati ya hapo na pale kuna kitu, na watafiti wakubwa bado wanavutana.

#4 Mwalimu_Shela
Niseme kidogo kuhusu moyo unakula nini, kwa sababu bila hilo mengine yote hayashiki.

Moyo hupiga mara laki moja hivi kwa siku na hauna ghala kubwa la nishati. ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli, iliyomo ndani ya seli zake ingeisha kwa sekunde chache tu kama haitengenezwi upya. Karibu theluthi moja ya kila seli ya misuli ya moyo ni mitokondria, vinu vinavyotengeneza ATP hiyo. Mtu mzima mwenye afya, sehemu kubwa ya nishati ya moyo wake hutoka kwenye asidi za mafuta. Inayobaki hutoka kwenye glukosi, laktati na ketoni (chakula ambacho ini hukitengeneza kutokana na mafuta, hasa mtu akifunga). Mtoto aliye tumboni moyo wake hutegemea zaidi glukosi na laktati. Akizaliwa ndipo unageukia mafuta. Moyo ukiugua kwa muda mrefu, mpangilio wa vimeng'enya vyake hurudi kuelekea ule wa mtoto wa tumboni.

Sasa amri. Kimeng'enya kinachotajwa sana ni AMPK. Kazi yake ni kupima njaa ya seli. ATP ikitumika inabaki ADP. ADP mbili zikikutana, kimeng'enya kingine huzigeuza kuwa ATP moja na AMP moja. Kwa hiyo AMP ikipanda, seli imeishiwa. AMP hujishika kwenye AMPK, kisha kinasi (kimeng'enya cha kubandika fosfeti) iitwayo LKB1 inabandika fosfeti mahali maalumu na AMPK inaamka. Ikiamka hufanya mambo mawili makubwa moyoni: huvuta milango ya glukosi (GLUT4) hadi kwenye utando wa seli, na hukizima kimeng'enya ACC. ACC ikizimwa, malonili-CoA hupungua. Malonili-CoA ndiyo inayokizuia CPT1, yaani kile kinachoingiza asidi ndefu za mafuta ndani ya mitokondria. Kizuizi kikiondoka, mafuta yanaingia na kuchomwa.

Angalia uzuri wake: hakuna ubongo wala homoni hapo. Seli yenyewe inajipima na kujiamrisha.

#5 Fundi_wa_Boti
Mwalimu, kwa hiyo moyo mgonjwa ni kama mashine ya boti iliyozimika baharini. Mimi swali langu la kwanza huwa moja: tangi ni tupu, au mafuta yapo na paipu imeziba? Maana matengenezo yake ni mbalimbali.

#6 Mwalimu_Shela
Hilo ndilo swali lenyewe, Fundi. Kundi moja linasema moyo umeishiwa. Stefan Neubauer aliuandika msimamo huo mwaka 2007: kwenye moyo ulioshindwa kabisa ATP hupungua karibu theluthi, na kreatini fosfeti, akiba ya haraka ya kurudisha ATP, hushuka mapema kabla ya hapo. Kundi la pili linasema chakula kimejaa, hasa kwa wenye kisukari na unene. Mafuta huingia kuliko yanavyoweza kuchomwa, yanabaki ndani ya seli na kuleta sumu. Hapo insulini nayo inaita na haisikiki: njia yake ya vimeng'enya PI3K na Akt imelegea, GLUT4 hazipandi. Kuna wa tatu wasemao ATP ipo ya kutosha ila haifiki pale misuli inapokaza, kwa sababu kreatini kinasi inayoisafirisha imepungua nguvu.

Mafuta pia yana gharama. Kwa kila ATP moja, hutumia oksijeni zaidi kuliko glukosi, takriban sehemu moja ya kumi. Kwenye moyo wenye mishipa iliyobana hiyo si tofauti ndogo.

#7 Nahodha_Matondoni
Nduzangu, mimi ni mtu wa bahari, nimewafuata mpaka hapo pa CPT1. Sasa niambieni: wazee wetu walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka maisha yao yote na wakapiga makasia hadi uzeeni. Kuna kijana wangu anayesomea lishe aliniambia mafuta ya nazi ni mafupi, yanaingia hizo mitokondria bila kupita kwa huyo CPT1. Basi tui si dawa ya moyo hiyo?

#8 Maabara_Mkomani
Mzee wangu, kijana amesema nusu. Asidi za mafuta za urefu wa kati, zile za kaboni 8 na 10, kweli huingia bila CPT1. Lakini hizo ni sehemu ndogo ya nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, na mwilini nyingi yake huchukuliwa kama asidi ndefu, tena hupandisha kolesteroli ya LDL. Waliokula nazi na kupiga makasia kutwa wana hesabu yao. Anayekula nazi na kukaa barazani kutwa ana hesabu nyingine.

#9 Mpishi_wa_Pate
#8 umekuja kutuharibia Ijumaa yetu. Tui nitapunguza, samaki simwachi.

#10 Nesi_Amu
Makasia ya mzee yameguswa kidogo tu na yana habari yake. Moyo wa mpiga makasia na moyo wa mwenye presha vyote hukua, ila si kwa amri moja. Mazoezi hupita njia ya PI3K na Akt, ile ya insulini na vichocheo vya ukuaji: misuli inanenepa na mishipa midogo inaongezeka pamoja nayo. Presha ya miaka mingi hupita njia nyingine. Kalisiamu hubaki juu ndani ya seli na kuamsha vimeng'enya viwili, kalsinurini na CaMKII. Moyo unanenepa, kisha unakakamaa, kisha unatanuka. Mwaka 1998 panya waliotiwa kalsinurini isiyozimika walipata moyo mkubwa na kushindwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa "moyo wako mkubwa" aulize umekuzwa na nini.

Halafu jambo jingine. Kile kipimo cha damu cha mshtuko wa moyo, troponini, ndicho kimeng'enya kinachovuja seli zikifa, au siyo?

#11 Mfamasia_Malindi
Troponini si kimeng'enya. Ni protini ya nyuzi zinazokaza misuli. Kimeng'enya kilichokuwa kikipimwa zamani ni kreatini kinasi aina ya CK-MB, na baadhi ya maabara bado wanayo. Ikivuja kwenye damu inatwambia seli zimekufa, haituambii ilikuwa ikitoa amri gani ilipokuwa ndani.

#12 Kijana_Maweni
Nimewasoma kimyakimya. Naomba niulize la mtaani kwetu. Mwaka 2024 Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa), mahakama ikasimamisha, tukabaki hapo hapo. Binamu yangu anatafuna mchana kutwa, usiku moyo unamwenda mbio hadi anaogopa kulala. Hii njia ya amri mnayoizungumza, muguka unaingia wapi?

#13 Daktari_Safarini
Unaingia kwenye njia kongwe kuliko zote zilizotajwa hapa. Kathinoni iliyomo kwenye miraa na muguka hufanya mishipa ya fahamu imwage noradrenalini. Noradrenalini hugonga kipokezi cha beta kwenye seli ya moyo, kimeng'enya adenili saiklasi kinatengeneza cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, na cAMP inaamsha kinasi PKA. PKA hubandika fosfeti kwenye milango ya kalisiamu na kwenye fosfolambani, protini inayodhibiti ghala la kalisiamu, na hapo moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Pia huamsha uvunjaji wa glikojeni, akiba ya sukari ya seli, ili nishati ipatikane. Kwa dakika chache mbele ya hatari hilo ni jambo jema. Kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku ni mzigo. Utafiti wa Yemen uliolinganisha waliopata mshtuko wa moyo na wasiopata uliwakuta watafunaji wengi zaidi kwenye kundi la waliopata. Binamu apimwe presha na apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), asingoje.

Njia hii hii ina somo ambalo madaktari walilipata kwa gharama. Zamani ilionekana wazi kwamba moyo dhaifu unahitaji cAMP zaidi. Milrinoni huziba kimeng'enya kinachoivunja cAMP. Mgonjwa anajisikia vizuri. Jaribio la 1991 likaonyesha milrinoni ya vidonge inaongeza vifo. Dawa za kuziba kipokezi cha beta, zilizokuwa zikikatazwa kwa moyo dhaifu, zikapimwa. Mwaka 1999 majaribio mawili, moja la metoprololi na jingine la bisoprololi, yakaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 34. Ndiyo maana huwa mgumu wa kukubali nikisikia "nishati imepungua, tuongeze". Mfumo wa amri kwa fosfeti ulimpatia Krebs, yule wa mzunguko wa asidi ya sitriki, tuzo ya Nobel.

#14 Mwalimu_Shela
Daktari, Krebs hao ni wawili. Wa mzunguko ni Hans Krebs, Nobel ya 1953. Wa kubandika na kubandua fosfeti ni Edwin Krebs, aliyepewa pamoja na Edmond Fischer mwaka 1992. Na cAMP ni ya Earl Sutherland, 1971. Wanafunzi wangu nao huwachanganya kila mwaka.

#15 Kijana_Maweni
Asante Daktari. Nimemtumia binamu, amesoma, amenyamaza. Kwake hiyo ni hatua.

#16 Baba_Faza
Mimi nina sukari na natumia metformini miaka mingi. Nilipoanza kuvimba miguu, kliniki moja waliniachisha wakisema metformini na moyo dhaifu havikai pamoja. Kwingine wakanirudishia. Kama metformini inaiamsha AMPK anayoisifu Mwalimu, mbona niliachishwa?

#17 Daktari_Safarini
Baba Faza, pole kwa kuzungushwa. Zamani onyo hilo lilikuwepo kwa hofu ya asidi ya laktiki kurundikana. Baadaye onyo la moyo dhaifu uliotulia liliondolewa. Linalobaki ni figo zilizoharibika sana na hali ya dharura, mathalani mgonjwa anayekosa oksijeni. Figo zako ndizo za kuzichunga. Na metformini haiigusi AMPK moja kwa moja. Inapunguza kasi ya mtambo wa kwanza wa mitokondria, nishati ya seli inapungua, ndipo AMPK inaamka. Kama hilo ndilo linalosaidia moyo kwa kipimo cha kawaida cha vidonge, hapo wataalamu hawajakubaliana.

#18 Maabara_Mkomani
Na AMPK nayo isifiwe kwa kiasi. Mwaka 2001 ziligunduliwa familia zenye kasoro kwenye jini PRKAG2, linalotengeneza kipande kimoja cha AMPK. Kwa watu hawa kimeng'enya kinafanya kazi hata seli ikiwa imeshiba. Glukosi inaingia, glikojeni inajaa ndani ya misuli ya moyo, moyo unanenepa, umeme wake unapita njia za mkato, na baadhi yao hufa ghafla wakiwa vijana. Kimeng'enya ni kile kile. Kikiamka kwa wakati wake kinaokoa, kikikosa kulala kinaua.

#19 Mfamasia_Malindi
Turudi kwa shangazi. Maelezo ninayoyapenda mimi ni ya ketoni. Dawa inapotoa sukari kwenye mkojo, mwili unaona kama umefunga kidogo. Insulini inashuka, homoni ya glukagoni inapanda, ini linatengeneza ketoni. Moyo unazichoma vizuri. Ferrannini na wenzake waliliandika hilo 2016 kuwaeleza watu matokeo ya empagliflozini, dawa ndugu ya dapagliflozini, yaliyotoka 2015 kwa wagonjwa 7,020 wa kisukari.

#20 Nesi_Amu
Mimi ketoni sizikatai, ila kwa asiye na kisukari zinapanda kidogo mno. Na kwenye DAPA-HF tofauti ilianza kuonekana ndani ya siku 28. Wodini ninachokiona ni maji: miguu inanywea, pumzi inarudi. Dawa inatoa sodiamu na maji, wingi wa chembe nyekundu unapanda, mzigo wa moyo unapungua. Kwa nini tutafute kimeng'enya wakati mkojo unaonekana kwa macho?

#21 Maabara_Mkomani
Kwa sababu dawa za mkojo za kawaida hutoa maji mengi kuliko hii na hazijaonyesha kupunguza vifo namna hiyo. Maji ni sehemu tu.

Hoja ninayoiona nzito ni ya CaMKII. Kwenye moyo dhaifu sodiamu hurundikana ndani ya seli, kalisiamu inafuata, CaMKII inabaki imewaka, kalisiamu inavuja kutoka ghalani mwake na mapigo yanavurugika. Mwaka 2018 seli za moyo zilizotiwa empagliflozini zilionyesha CaMKII imetulia na uvujaji umepungua, na zilijumuisha seli za binadamu wenye moyo dhaifu. Kuna wanaosema dawa inaziba kibadilishaji cha sodiamu na haidrojeni, NHE1, lakini maabara nyingine zilirudia kipimo hicho mwaka 2021 na hazikuona kitu.

#22 Daktari_Safarini
Ongezeni na ya Milton Packer, daktari mtafiti wa moyo: kwamba dawa inaigiza njaa, AMPK na kimeng'enya kingine cha njaa, SIRT1, zinaamka, seli inaanza kufagia mitokondria mbovu. Ni hoja nzuri, inaunganisha mengi. Ila kitu kinachoeleza kila jambo mimi hukitazama mara mbili.

#23 Binti_Langoni
Nimesoma yote, shukran sana. Moja la haraka kabla hamjaendelea: Ramadhani iko njiani na shangazi hataki kusikia habari ya kula mchana. Kama dawa yenyewe inaigiza funga, je, funga juu ya funga?

#24 Nesi_Amu
Dada, hilo alipeleke kwa daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, asiamue kwa majirani. Hatari kubwa kwake ni kukaukiwa maji, hasa kama ana furosemidi (dawa ya kutoa maji) pia, na joto letu hili. Wengine hupangiwa waimeze baada ya kufuturu na wanywe maji ya kutosha usiku kwa kiasi walichoruhusiwa, wengine huambiwa wasifunge kabisa. Akitapika, akiharisha au akishindwa kula, awasiliane nao siku hiyo hiyo. Katika hali hizo dawa hii huwa inasimamishwa kwa muda. Wenye kisukari ndio wenye hatari zaidi ya ketoni kuzidi, tena sukari ikisoma kawaida. Na mwulize kwa upole kama anawashwa sehemu za siri: fangasi ni jambo la kawaida kwa dawa hii, linatibika, na wanawake wetu wengi wanaona haya wanaacha dawa kimyakimya.

#25 Mama_Kipungani
Hilo la mwisho #24 Mungu akulipe. Mimi niliacha kwa sababu hiyo hiyo na hakuna aliyenieleza. Nitarudi kliniki.

#26 Fundi_wa_Boti
Hoja zenu nyingi ni za panya na seli za kwenye sahani. Moyo wa panya unapiga mara mia tano, mia sita kwa dakika. Nani amechukua kipimo kwenye moyo wa mtu aliye hai?

#27 Mwalimu_Shela
Yupo, Fundi. Mwaka 2020 ilitoka kazi ya Philadelphia iliyochukua damu inayoingia moyoni na inayotoka, kwa wagonjwa 110, wengine wenye moyo dhaifu na wengine wenye moyo unaosukuma vizuri, kisha wakalinganisha kilichopungua. Moyo unaosukuma vizuri ulipata karibu asilimia 85 ya nishati kutoka kwenye mafuta, na glukosi iliyochukuliwa ilikuwa chache ajabu. Kwenye moyo dhaifu mafuta yalishuka na ketoni zikapanda kutoka asilimia 6 hivi hadi 16. Hao walikuwa wamefunga usiku kucha, nalo lizingatiwe.

#28 Mfamasia_Malindi
Basi ketoni zangu zimerudi! Moyo wenyewe umezichagua.

#29 Maabara_Mkomani
Umezichagua, au ndizo zilizokuwepo? Mgonjwa wa moyo ketoni zake za damu huwa juu tangu mwanzo, na moyo huchukua kadiri zinavyopita. Kipimo kile kinaonyesha moyo ulikula nini asubuhi ile. Hakionyeshi kwamba ukiongezewa utapona, wala ni kimeng'enya gani kilichoufungulia mlango. Leta jaribio ambalo watu wamepewa ketoni zenyewe miezi mingi na vifo vikahesabiwa, nami nitakaa kimya.